Udongo Chini ya Senene

1

Mashine ilipomaliza kusoma, Kemilembe alijua mambo mawili kwa mpigo mmoja. La kwanza, dawa ya mnyauko ilikuwa imepatikana. La pili, yeye alikuwa mwongo, na uongo wake sasa ulikuwa na miguu minne ya chuma na ulikuwa njiani kwenda kwao.

Ilikuwa saa nane na nusu mchana mjini Joensuu, Finland, na jua lilikuwa linazama. Miezi minne alikuwa huko, na bado hajalizoea jua la Desemba linalochungulia kama mgeni aliyekatazwa kukaa. Maabara ilikuwa tupu. Wanafunzi wenzake walikuwa wamekwenda kunywa kahawa, maana watu wa nchi ile hunywa kahawa kama wengine wanavyovuta pumzi.

Mashine yenyewe wanafunzi waliiita Msomaji. Ni kabati la kioo, kimo cha friji. Ukimpa kijiko kimoja cha udongo, Msomaji haishii kwenye rangi na chumvi. Husoma kila kilicho hai ndani yake, kila kilichooza humo tangu miaka thelathini nyuma, na hata mazungumzo ya hao walio hai, kwa sababu viumbe wa udongoni husemezana kwa harufu. Kemilembe alikuwa amechanganya kijiko chake na vijidudu vya mnyauko, ule ugonjwa unaoigeuza migomba ya Kagera kuwa matambara ya manjano. Kwenye kioo vijidudu vilionekana kama nukta nyekundu. Kisha nyuzi nyeupe zikaanza kutambaa, nyembamba kuliko unywele, zikazizunguka zile nukta. Nukta zikazimika moja moja, kama mtaa unaokatiwa umeme nyumba kwa nyumba.

Kuvu. Kuvu nyeupe ambayo Msomaji hakuwahi kuiona popote duniani.

Kemilembe alipiga makofi peke yake. Ndipo maandishi yakatokea chini ya kioo:

Chanzo: Kanyigo, Kagera, shamba la tatu. Fuko ametumwa kutoka kituo cha Mwanza. Atafika baada ya siku tisa.

Makofi yakaishia hewani.

Fuko ni mashine ya kuchimba. Hana dereva na haombi njia. Akitumwa, huanza pale palipoandikwa kwenye fomu, kisha hunusa harufu ya kile Msomaji alichokiona, akaifuata mpaka kwenye kiini chake. Hapo huchimba mita nne kwenda chini, duara la hatua kumi, na kuzoa kila kitu. Kinachozolewa ni mali ya chuo. Mama yake Kemilembe alikuwa ameweka saini kukubali hayo kwa shamba la tatu, na kwa shamba la tatu tu.

Udongo ule haukutoka shamba la tatu.

Ule wa shamba la tatu aliusafirisha vizuri, kwenye chupa ya chuo iliyofungwa kwa lakiri. Uwanja wa ndege wakaupitisha kwenye mvuke wa moto kuua wadudu, na wakaua kila kitu. Alifika na chupa ya udongo maiti. Lakini alikuwa na udongo mwingine. Siku ya kuondoka, mama yake alichota kiganja kimoja juu ya kaburi la Bibi Koburunga, mama mkwe wake, akakifunga kwenye jani kavu la mgomba na kukisukumia chini ya kopo la senene wa kukaanga. "Ukifika, kanyaga ardhi hii kwanza, ndipo ukanyage yao," alisema. "Bibi yako ajue ulipo." Mkaguzi alifungua kopo, akakutana na macho ya senene mia tatu, akauliza kama hivyo vitu vinaliwa kweli. Kemilembe akatafuna watatu mbele yake. Mkaguzi akafunika kopo na kumtakia siku njema.

Ilipofika zamu yake kwa Msomaji, na chupa yake ni mfu, aliwaza: udongo ni udongo. Kutoka kaburini hadi shamba la tatu ni hatua arobaini. Akaandika "shamba la tatu" bila kuwaza mara mbili. Hilo ni kosa la mtu aliyekulia kibanjani, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba. Kwao wafu huzikwa palepale nyumbani, katikati ya migomba, na mtoto hupita juu ya babu yake akienda kukata ndizi za mchana. Ukiishi hivyo miaka ishirini na miwili, unasahau kwamba pale ni kaburini.

Fuko hatasahau, kwa sababu hajui. Ataanza shamba la tatu, atanusa, atatembea hatua arobaini, na atashuka mita nne.

Kemilembe aliketi kwenye stuli akajieleza mambo yalivyo, kama mtu anayesomewa hukumu. Akinyamaza, chuo kitapata kuvu, migomba ya mkoa mzima itapona, yeye atapata shahada yake kwa heshima, na Bibi atatolewa kaburini na mashine bila mtu yeyote kuombwa. Akisema kweli, kaburi litapona, lakini sampuli ya uongo hufutwa yote, na mwanafunzi aliyeiandika hurudishwa kwao.

Alizima taa, akaondoka.

2

Kesho yake saa nne asubuhi alimpigia mama yake. Kanyigo ilikuwa saa tano, jua kali. Mama alikuwa ameegemeza simu kwenye kikapu huku akikata kwa panga migomba iliyokwisha kufa.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Mama, nina jambo."

"Najua una jambo. Alhamisi huwa hupigi. Umekula nini?"

"Viazi."

"Haya, sema."

Alisema yote, kuanzia mvuke wa uwanja wa ndege hadi siku tisa, ambazo sasa zilikuwa nane. Alipotaja kaburi, panga likasimama.

"Kwa hiyo udongo wa mama mkwe umeutia kwenye mashine, ukawaambia watu ni wa shambani."

"Ndiyo, Mama."

"Nilikupa ukanyage. Nilikuambia ukausomeshe?"

"Hapana."

"Wewe na mimi tuna la kuzungumza ukirudi. Ila hilo ni la baadaye. Sasa unataka nini?"

"Nikisema kweli watafuta kila kitu. Hata dawa. Na mimi nitarudishwa. Nisiposema, watu watapata ndizi, lakini Bibi... Niambie nifanye lipi."

Mama yake alifuta panga kwenye kanga. Huyu mwanamke alikuwa amezika mume, amelea watoto watatu, na msimu ule peke yake alikuwa ameng'oa mashina mia moja na sitini. Hakuwa na akiba ya maneno ya kubembeleza.

"Ukirudishwa, nyumba ipo na jembe lipo. Hilo lisikutishe. Linalonitisha mimi ni chuma kuingia uani kwangu na karatasi yenye jina langu inayosema nimekubali. Sikukubali. Mtu huombwa, Kemi. Hata aliyekufa ana wa kuombwa kwa niaba yake."

"Na dawa?"

"Hiyo dawa iko kwenye mashine au iko hapa?" Alinyoosha panga kuelekea nyuma yake, ambako kando ya kaburi, kati ya migomba ya manjano, lilionekana kundi moja la migomba ya kijani iliyokoza, imesimama kama watu waliovaa sare. "Nilikuwa najiuliza kwa nini hii haifi. Nikadhani ni maombi. Kumbe ni kuvu. Basi iko hapa, haijaenda popote. Nenda kaseme kweli, halafu tutafute njia. Ukianza na uongo, kila njia itakayofuata itakuwa ya uongo."

"Wataniuliza kwa nini—"

"Watakuuliza, utajibu. Kula kitu cha maana, viazi peke yake si chakula."

Akakata simu.

3

Kemilembe alipita mbele ya mlango wa Profesa Harjula mara mbili bila kugonga. Mara ya tatu mlango ukafunguka wenyewe, na profesa akasimama pale, mwanamke mrefu wa miaka sitini, miwani kichwani na soksi za sufu miguuni.

"Unachakaza sakafu," alisema. "Ingia."

Profesa Tuulikki Harjula alikuwa na sifa moja chuoni: hakuwa na maneno ya ziada. Alimsikiliza Kemilembe mpaka mwisho bila kutikisa kichwa wala kuguna, jambo ambalo kwa mtu wa Kagera ni kama kuongea na ukuta.

"Uliingiza udongo hai nchini bila kupimwa," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Ndani ya wadudu."

"Chini ya wadudu."

"Na ukaandika uongo kwenye fomu. Unajua adhabu yake?"

"Najua."

Profesa alivua miwani kichwani, akaivaa, akafungua kioo cha mezani. Alibonyeza mara tatu. "Fuko amegeuzwa. Alikuwa ameshatoka Mwanza." Kemilembe akavuta kiti, akaketi. "Maabara itafungwa siku mbili isafishwe. Baraza litakuita. Nami nitawaambia kwamba ulikuja mwenyewe kabla hujakamatwa, kwa sababu ndivyo ilivyo. Sampuli itafutwa. Kilichosomwa bila ruhusa ya mwenyewe si chetu, hatuwezi kukitunza wala kukitumia."

"Hata kama ndiyo dawa?"

"Hasa kama ndiyo dawa. Tukikubali kuchukua bila kuomba kwa sababu kitu ni kizuri, kesho tutachukua kila kizuri." Aliangalia saa. "Sasa ni saa sita. Sheria inataka nifute kabla ya saa kumi. Mimi ni mzee, huwa nafanya mambo mwishomwisho. Na ule ni udongo wa kwenu, siwezi kukukataza kuusoma. Chukua kalamu. Usipige picha."

Kemilembe alikaa mbele ya Msomaji saa nne nzima na daftari la karatasi, akiandika mpaka vidole vikafa ganzi. Jana alikuwa ameangalia nukta na nyuzi tu, kama mtoto anayetazama fataki. Leo alisoma kurasa za nyuma, zile ndefu zinazochosha, zinazosema nini kilioza humo na kilitoka wapi.

Alitafuta mifupa. Hakukuwa na mifupa, wala chochote cha binadamu. Kuvu ile iliishi juu, viganja viwili tu kwenda chini, na haikujua habari za jeneza. Chakula chake kilikuwa majani. Majani makavu yaliyooza, ya aina kumi na tisa: ya rweya, ule uwanda mkavu wa juu, ya kinamasini, ya ukingo wa ziwa, ya mawe ya kilimani. Kuvu hiyo haikustawi kwa jani moja wala matano. Ilihitaji mchanganyiko, na hakuna shamba moja Kanyigo nzima, wala kilima kimoja, chenye majani yote yale.

Aliinua kalamu. Yametoka wapi?

Kisha akakumbuka. Alikuwa na miaka kumi wakati Bibi alipofariki. Watu walikuja msibani kutoka pande zote, kila mmoja na mzigo wa majani kichwani, wa majani ya kwao. Yalitandazwa ndani, na waombolezaji wakalala juu yake siku zote za matanga. Matanga yalipoondolewa, wanawake waliyazoa yote wakayamwaga juu ya kaburi, rundo refu kuliko yeye. Na kila mwaka, siku ya kumbukumbu, walirudi na mengine.

Saa kumi kasoro dakika tano Profesa Harjula aliingia, akamtazama, akatazama daftari, akafuta.

4

Wa kuombwa alikuwa Rwegoshora, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Kemilembe, mkuu wa ukoo. Jumapili baada ya misa mama alimketisha uani na kumshikisha simu. Rwegoshora aliishika mbali na uso kama mtu aliyepewa samaki mbichi.

"Baba mkubwa, shikamoo."

"Marahaba. Nimeambiwa." Akamgeukia shemeji yake. "Mama Kemi, ulimpa mtoto udongo wa kaburi la mama yangu bila kuniuliza?"

"Nilimpa. Ningekuuliza ungekubali?"

"Nisingekubali!"

"Ndiyo maana sikukuuliza. Nilikosa, nimekiri. Sasa msikilize mtoto."

"Wewe unakiri kama mtu anayeamuru." Alirudisha macho kwenye simu. "Kemilembe, mimi nasema hivi. Mashine imerudi, vizuri. Hapo imeisha. Udongo wa mama yangu hautatoka humu kwenda kutiwa kwenye mashimo ya migomba ya watu. Kaburi si ghala."

"Baba mkubwa, nikuulize. Migomba yako imebaki mingapi?"

"Kumi na mmoja," alijibu, na sauti ilikuwa imeshuka.

"Sikuulizi nikuumize. Nakuuliza jingine: siku ya msiba wa Bibi, nani alileta majani?"

"Nani hakuleta? Wa Bugandika walileta. Wa ziwani walileta, yamelowa bado, mama yako akagomba. Hata Bitegeko, tuliyekuwa naye kwenye kesi ya mpaka, alikuja na mzigo. Aliutua, akalia, akaondoka. Kesi ikaishia pale."

"Hayo majani ndiyo dawa." Kemilembe alifungua daftari, akamsomea. Alitaja aina zote kumi na tisa, moja baada ya nyingine, na mahali zinapoota. Mzee alianza kumsahihisha majina ya kienyeji, kwanza kwa hasira, kisha kwa makini. "Hakuna kitu cha Bibi humo, Baba mkubwa. Yeye yuko chini, amelala. Kilichoko juu ni kile walichokileta waliomlilia. Jani la mtu mmoja lisingetosha. Ilibidi waje wote."

Upande wa pili kuku alilia.

"Kwa hiyo wakija kuchota," Rwegoshora alisema polepole, "hawachoti changu."

"Hapana."

"Wanachukua chao."

"Ndiyo, Baba mkubwa."

Alikohoa, akatazama kando, akafuta jicho kana kwamba kuna moshi. "Kwa mkono," alisema. "Jembe halitagusa pale, wala koleo, wala chuma chochote. Kiganja kimoja kila nyumba. Na mimi nitakuwepo."

"Kiganja kinatosha. Kuvu iko juujuu tu."

"Na asije mtu na mashine."

"Profesa wangu angependa kuja kuomba mwenyewe, siku moja. Bila mashine."

"Yeye ni mtu wa namna gani?"

"Anafanana na Mama."

"Ee Mungu wangu," alisema Rwegoshora, akamrudishia shemeji yake simu.

5

Baraza lilikaa wiki mbili. Uamuzi ulikuja kwa mistari mitatu: Kemilembe abaki, muhula wake ufutwe na aurudie, na kwa mwaka mzima asimguse Msomaji. Profesa Harjula alimpa hadubini ya zamani iliyokuwa ikikaliwa na vumbi stoo. "Utaangalia kwa jicho," alisema. "Ni polepole. Lakini jicho halimtumi mtu kuchimba."

Siku ya kugawa udongo Kemilembe alikaa karibu na dirisha la maabara, theluji nje hadi kwenye vizingiti, simu imeegemezwa kwenye hadubini. Kanyigo kulikuwa kumejaa watu. Rwegoshora alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu, ameketi kwenye kigoda kando ya kaburi, na kila aliyefika alimtaja kwa jina la nyumba yake na aina ya majani waliyoleta miaka kumi na miwili iliyopita. Hakukosea hata mmoja. Walipiga magoti, wakachota, wakafunga kwenye jani la mgomba, wakaenda.

Kemilembe hakuwa na raha. Alikuwa akiangalia rundo. Nyumba arobaini zilikuwa zimepita, na upande mmoja wa kaburi ulikuwa umeanza kuonyesha udongo mwekundu wa chini. Nyumba arobaini nyingine na kuvu itakuwa imekwisha, na bado hakuna aliyejua kama itaota kwenye mashimo ya wengine.

Ndipo akafika mwanamke aliyevaa buti za mvua, na Rwegoshora akashindwa kumtaja.

"Wewe ni wa wapi?"

"Ng'ambo ya kilima, mzee wangu. Naitwa Asteria."

"Mlileta majani gani?"

"Sikuleta. Simjui marehemu. Nimesikia tu." Alisimama wima, hakujipendekeza. "Nimebakiwa na migomba sita na wazee wawili ndani."

"Pole sana, mama. Lakini wanaochota hapa wanachukua chao. Wewe huna chako."

Watu walinung'unika. Mama yake Kemilembe akatua kikapu.

"Shemeji, si alete majani?"

"Msiba uliisha miaka kumi na miwili iliyopita!"

"Kwani majani yanaoza kwa kufuata kalenda?"

Kicheko kikapasuka uani. Rwegoshora hakucheka. Alitazama kaburi, akatazama ile sehemu nyekundu iliyoanza kuchomoza, na Kemilembe kule Joensuu akajikuta ameshika ukingo wa meza.

"Nenda kakate ya kwenu," mzee alimwambia Asteria. "Ulete mzigo mzima, si wa kubania. Tandaza mwenyewe. Ukishatandaza, una chako."

Asteria hakusubiri aambiwe mara mbili. Alirudi baada ya saa moja na nusu, jasho likimtoka, na mzigo wa majani mapana yaliyokuwa yakiburutwa nyuma yake. Aliyatandaza pale palipokuwa pekundu, akayapangusa kwa mikono miwili kama mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa, kisha akainua kona na kuchota kiganja chake.

"Mama!" Kemilembe aliita kwenye simu. "Mama, majani gani hayo? Sina hayo kwenye orodha. Nionyeshe kwa karibu!"

"Nina kazi, Kemi."

"Dakika moja tu! Na anayefuata, mwambie—"

"Angalia mwenyewe."

Aliiegemeza simu kwenye jiwe, ikielekea njia kuu, akaenda zake. Kwenye kioo ikaonekana njia ya kibanjani, na watu. Waliokuwa wamekwisha kuchota walikuwa wakirudi, na nyuma yao wengine ambao Kemilembe hakuwahi kuwaona, kila mmoja na mzigo wa kijani kichwani, msururu mmoja mpaka kwenye mteremko wa barabara, ambako vilionekana vilele vya mizigo tu, vikipanda.